Fundo la Elfu Kumi

Jumatatu, 10 Februari

Niko Mamboleo tena. Siku ya nne ya kumwagilia lile tangi. Magunia mabichi juu ya ukuta, maji juu ya magunia, asubuhi na jioni. Watu hudhani saruji inataka jua. Inataka maji, tena kwa kubembelezwa. Ikikauka haraka inapasuka, na atakayelaumiwa ni mimi.

Mgongo unauma. Miaka arobaini na mitatu si mchezo.

Mwenye boma amekuja kuangalia. Hakuuliza jina langu, hawaulizi kamwe. Aliuliza kama kweli mimi ni binti ya Mzee Odera. Nikaitikia. Jumamosi ya wiki ijayo baba anatimiza mwaka kaburini na bado ndiye anayenitafutia kazi. Mama ameshachagua mbuzi wa ukumbusho. Nimeambiwa nitasema maneno mawili matatu kwa niaba ya watoto. Sipendi maikrofoni.

Jumatano, 12 Februari

Kazi mpya, zahanati ndogo kupita Otonglo. Wanataka tangi la lita elfu kumi. Shida ni paa lao. Ni la zamani, liko chini, na ukuta wa tangi ukizidi mita moja na nusu maji ya mvua hayataingia. Nikatoa kamba ya baba, nikasimama pale nikiwa nimeishika, sina la kufanya.

Kamba yenyewe ni ya nailoni ngumu, ilikuwa kijani. Ina mafundo matatu: elfu tano, elfu kumi, elfu ishirini. Unapiga kigingi katikati, unashika fundo lako, unazunguka, duara limechorwa. Ukuta unapanda mita mbili. Kwisha. Alipewa na msimamizi wa mradi fulani wa maji akiwa kijana, na alijenga nayo maisha yake yote. Hakuwahi kusoma hata darasa moja. Alikuwa akisema kamba hii haijawahi kumdanganya.

Lakini mafundo yote ni ya ukuta wa mita mbili. La mita moja na nusu halipo. Nikafikiri: nimepunguza nusu mita juu, basi niongeze nusu mita pembeni. Halafu nikajicheka mwenyewe. Maji si kitambaa cha kukata huku na kushonea kule. Niliwaambia watu wa zahanati naenda kwanza kukagua mchanga. Uongo mtupu.

Ijumaa, 14 Februari

Leo nimesoma. Mimi.

Nilikwenda mjini kununua saruji kwa Bwana Kamau. Ni mtu wa Nyeri, yuko Kisumu tangu sijaolewa, na kabla ya duka alikuwa mwalimu wa hesabu. Hakuna asiyejua hilo, maana yeye mwenyewe humwambia kila mteja. Nilimuuliza huku nikitazama misumari, kana kwamba natafutia mtu mwingine jibu. Akararua karatasi ya mfuko wa saruji, akachukua penseli ya seremala kutoka sikioni, akaandika:

V = π × r² × h

"Mama Fundi, hii V ndio maji yako. h ni urefu ya ukuta. Na hii r ni ile kamba yako, kutoka kigingi mpaka kwa duara. Maji unajua. Ukuta unajua. Gani hujui?"

r.

"Basi hiyo r imefungiwa huko ndani na wengine. Toa yeye pole pole."

Niliacha shule kidato cha pili, mwalimu akiwa amefika hapa hasa. Alikuwa akituambia tufanye r iwe mada ya fomula. Nilidhani ni adhabu. Hakuna aliyeniambia maana yake ni kuitoa r isimame peke yake upande mmoja, na wengine wote wahamie upande wa pili.

Akaeleza. r ilianza kwa kujizidisha yenyewe. Halafu ikazidishwa kwa pai, halafu kwa h. Ukitaka kuitoa, unaanza na aliyeingia mwisho. Nikamkatiza. Nikasema ni kama kuvua mbao baada ya kumwaga zege: ubao uliopigiliwa mwisho ndio unaong'olewa kwanza. Akaweka penseli chini, akaniangalia.

"Haki, miaka yote nimefundisha, hakuna mtoto aliwahi kuniambia hivyo."

Tukagawanya pande zote mbili kwa pai na h. Lazima zote mbili, alisema, ukigusa upande mmoja tu ile alama ya sawa inakuwa uongo. Ikabaki r². Tukaivua mraba wake kwa kipeuo cha pili.

r = √(V ÷ πh)

Nimekuja na ile karatasi nyumbani. Imebandikwa hapa kwenye ukurasa wa kushoto, na vumbi lake la saruji.

Jumamosi, 15 Februari

Mchana kutwa kwenye hesabu. Mama ameuliza mara mbili kama naumwa.

Kumbe simu yangu ina alama ya kipeuo cha pili. Miaka yote iko pale sijaibonyeza. Kwa ukuta wa mita moja na nusu: mita moja na sentimita arobaini na sita. Nimerudia mara tano, jibu ni lile lile.

Halafu nikapata wazo la kumjaribu baba. V kumi, maana elfu kumi ni mita kumi za ujazo. h mbili. Nikavua, nikavua. Mita moja na sentimita ishirini na sita. Nikachukua tepu, nikanyoosha kamba sakafuni, nikapima fundo la katikati.

Mita moja na sentimita ishirini na sita.

Nililia. Mtu ambaye hakuwahi kushika kalamu, alikuwa akitembea na kipeuo cha pili mfukoni. Natamani angekuwepo nimwambie. Angesema, mimi nilikwambia.

Jumanne, 18 Februari

Tumeanza zahanati. Nimechora duara langu, nimepiga vigingi, tumeanza kuchimba msingi. Bwana Kamau ameleta saruji mwenyewe kwenye pikapu yake, kazi ambayo huwa haifanyi. Alitaka kuona fomula yake ikiwa ardhini. Alizunguka duara mikono nyuma. Halafu akauliza ukuta utasimama wapi.

Ndani ya vigingi, nikasema. Siku zote. Baba alikuwa mkali kwa hilo, ukuta usivuke vigingi.

"Na unene?"

Sentimita nane.

Akagusa kigingi kimoja kwa kiatu. "Mama Fundi, r ni ya maji. Si ya ukuta."

Niliona papo hapo. Duara langu ni la nje na maji yanakaa ndani. Ukuta unakula sentimita nane kila upande. Nilihamisha vigingi nje, nikazunguka upya, ikachukua dakika kumi, hakuna hasara. Bwana Kamau alienda zake ameridhika.

Mimi sijaridhika. Nilifundishwa na baba kusimamisha ukuta ndani ya vigingi. Yeye alijenga hivyo matangi yote. Mimi nimejenga hivyo kumi na moja.

Jumatano, 19 Februari

Nimefanya hesabu niliyokuwa naikimbia jana.

Mita 1.26 toa sentimita nane, inabaki 1.18. Jizidishe, zidisha kwa pai, zidisha kwa mbili. 8.75. Lita elfu nane mia saba na hamsini. Fundo la elfu kumi halijawahi kutoa elfu kumi. Nadhani yule msimamizi alikuwa akijenga kwa mabati. Bati halina unene wa kuhesabu, na kwa bati kamba ilikuwa sawa kabisa. Baba akaihamishia kwenye saruji bila kujua. Hakuiba. Alikosea.

Mtungi mmoja ni lita ishirini. Nikagawanya. Mitungi mia nne thelathini na saba na nusu.

Nikaweka kalamu chini. Mama Penina.

Niandike yote, kwa mpango. Kikundi cha kina mama cha Otonglo kina tangi la baba nyuma ya kanisa. Wanachama walikuwa hamsini. Kiangazi cha kwanza waliamua kila nyumba ichote mitungi kumi, kwa orodha. Hamsini mara kumi ni mia tano, na tangi ni la mia tano, kila mtu alijua. Mama Penina alishika ufunguo wa bomba. Maji yakaisha kabla ya orodha. Nyumba sita za mwisho hazikupata tone, na iliyozitangulia ilipata mitungi saba. Wakasema Penina ameuza maji.

Baba alikuwa mgonjwa tayari. Akanituma mimi nikaangalie kama tangi lina ufa. Niliingia na tochi, nikapapasa kila mahali. Hakuna ufa. Hata kile kishimo alichoacha sakafuni kwenye bomba, ili maji yatoke yote, kilikuwa safi. Nikatoka, nikasimama mbele ya kina mama wote, nikasema, "Hii tangi haivuji. Hii ni kazi ya baba." Nilisema kwa maringo. Penina alifungua mdomo kusema kitu, wakamzomea. Wakachukua ufunguo na kufuta jina lake kwenye orodha. Mwezi haukuisha akahamia Awasi kwa binti yake. Tangu hapo hakuna anayehesabu mitungi Otonglo. Bomba linafunguliwa na anayewahi ndiye anayepata.

Shahidi nilikuwa mimi. Hakukuwa na shahidi mwingine. Nataka iandikwe mahali, hata kama ni hapa tu.

Alhamisi, 20 Februari

Nimemwambia mama. Alikuwa akichagua mchele wa Jumamosi, na hakuacha kuchagua.

"Nyathina," akasema, mwanangu, "baba yako amelala. Unataka kumwamsha na hiyo hesabu?"

Nikakaa chini nikachagua naye. Baadaye akasema ngoja kwanza ukumbusho upite. Nilikubali haraka mno. Naogopa. Naogopa kwa ajili ya jina lake, na naogopa kwa ajili ya kazi yangu, na sijui ipi ni kubwa. Nikiwa mkweli, leo ni kazi.

Jumamosi, 22 Februari

Watu wengi. Hema mbili. Wali ulitosha, nyama ilitosha, mhubiri alizidi.

Mama Risper, mwenyekiti wa kikundi cha Otonglo, alipewa maikrofoni. "Mzee Odera alitujengea tangi ya elfu kumi, kamili. Hata wakati watu walituibia maji, tangi yake ilisimama." Makofi. Mama alitazama mikono yake.

Halafu nikaitwa. Nilikuwa na nafasi. Kina mama wote walikuwepo na kaburi liko hatua ishirini kutoka pale nilipokuwa nimesimama. Nikasema asanteni kwa kuja, chakula kiko tayari.

Nina aibu.

Jumapili, 23 Februari

Sikwenda kanisani. Nimefua kila kitu ndani ya nyumba, hata mapazia.

Jumatatu, 24 Februari

Awasi.

Anauza nyanya sokoni. Alinitambua kutoka mbali na hakuinuka. Amekonda. Nilikuwa nimejipanga njia nzima: nitaanza na karatasi ya Bwana Kamau, nitaeleza V, nitaeleza h, nitafika kwenye unene wa ukuta. Nikachuchumaa mbele ya nyanya zake, nikasema nimekuja kwa sababu ya ile mitungi. Akaniinulia mkono ninyamaze.

"Ilikuwa mia nne thelathini na saba."

Nikamuuliza amejuaje.

"Nilihesabu na kokoto. Mtungi moja, kokoto moja. Ile ya mwisho ilikataa kujaa. Ilifika nusu tu, nikamwagia kale kampapai nilipanda nyuma ya kanisa. Nilitaka kuwaambia. Nani alisikiza?"

Nikafungua karatasi. Chini kabisa, kwa mwandiko wangu, 437.5, nimeizungushia duara. Hasomi sana lakini tarakimu anazijua. Aliitazama muda mrefu. Mimi nikaanza kulia.

"Usinililie hapa kwa soko. Watu watadhani nimefiwa."

Nikamwomba msamaha. Hakusema ndiyo wala hapana. Alimuuzia mtu nyanya, akarudisha chenji, ndipo akanigeukia.

"Ile ingine ulisema mbele ya watu. Hii unaniletea kwa nyanya?"

Nimerudi na hayo.

Jumatano, 26 Februari

Nimemwambia mama kwamba Jumamosi nakwenda kupima tangi la Otonglo mbele ya kikundi, na kwamba nitasema yote. Kwa Mama Penina nimetuma ujumbe aje. Nilitarajia kilio. Aliuliza ni saa ngapi. Anataka kuja.

Bwana Kamau anasema hesabu na kokoto kukutana hadi nusu mtungi ni bahati, maana maji halisi hayana adabu hiyo. Mimi nasema ni kile kishimo cha baba kwenye bomba. Hakuacha tone libaki. Alikuwa fundi mzuri na alikosea, na inabidi nibebe yote mawili.

Jumamosi, 1 Machi

Imekwisha.

Tangi lilikuwa kavu. Nilisema sitapima peke yangu, nataka mwenyekiti ashike upande wa pili wa tepu. Mama Risper si mwembamba na mlango wa tangi ni mdogo. Tulimsukuma, tukamvuta, kina mama wakacheka, hata yeye. Ndani mlikuwa na joto na harufu ya mwani mkavu. Akasoma mwenyewe kwa sauti, kutoka ukuta hadi ukuta: mita mbili na sentimita thelathini na sita. Tukatoka, tukapima kwa nje. Mita mbili na sentimita hamsini na mbili. Hakuna aliyecheka tena.

Nikaandika kwa chaki ukutani. Si fomula nzima, niliogopa watalala. Niliandika tu maji ambayo nafasi ile inaweza kubeba, halafu mitungi yake. Nikasema kamba ilikuwa ya mabati, baba aliitumia kwa saruji, na mimi nikaapa juu yake bila kupima. Nikasema tangi hili halijawahi kuwa la mia tano hata siku moja. Mwizi hakuwepo.

Mmoja akauliza, basi Mzee ndiye alituibia? Nilifungua mdomo lakini mama alikuwa ameshainuka. "Alikosea. Angekuwa hapa angesema pole. Kwa vile hayuko, nasema mimi." Akamgeukia Penina, akasema pole. Mimi nikasema pole baada yake, mbele ya wote, nikamtaja kwa jina kamili.

Mama Penina alikuwa amesimama karibu na mpapai muda wote. Umempita kimo. Mama Risper akamletea ufunguo, amenyoosha mikono miwili. Hakuupokea.

"Ufunguo mpeni mwingine. Mimi nataka jina yangu kwa orodha."

Likaandikwa. Walikuwa wamebaki arobaini na tisa, kwa hiyo amekuwa wa mwisho, wa hamsini. Halafu wakaniuliza sasa kila nyumba ichote ngapi. Hamsini mara idadi isiyojulikana ni mia nne thelathini na saba. Nikagawanya pande zote kwa hamsini. Minane kila nyumba, na thelathini na saba ibaki akiba kwa mwenye mgonjwa au matanga. Wameandika. Wameamua pia kurudia kuhesabu, kwa kokoto.

Jumatatu, 3 Machi

Ukuta wa zahanati umefika juu. Mita moja na nusu, na kwa ndani nimepima mara nne.

Mteja mmoja wa Mamboleo amepiga simu kuvunja kazi. Amesikia. Mwingine amepiga kuuliza ni lini nitakuja kupima, na alilitaja jina langu. Nina matangi kumi na moja ya kuyarudia, kumwambia kila mwenye tangi ukweli. Mawili nimeshayafikia. Mmoja alinitukana, mmoja alinipa chai.

Nimefunga fundo jipya kwenye kamba, sentimita nane mbele ya lile la elfu kumi. La zamani sikulifungua.

Jumanne, 8 Julai

Wiki tatu bila mvua. Otonglo wamefungua tangi leo. Sikuwa na kazi pale, nilipita tu, nikakaa kwenye jiwe kando ya kanisa.

Mama Risper alisoma orodha. Mwenye ufunguo mpya ni msichana wa sauti ndogo, kila mtungi ukijaa anaweka kokoto kwenye beseni. Walipiga soga, wakagombana kidogo kuhusu ndoo ya nani. Saa sita hivi orodha ikafika mwisho.

Jina la hamsini likasomwa. Mama Penina, ambaye amesharudi kuishi Otonglo, akaja na mitungi yake, akaipanga mmoja mmoja chini ya bomba, hakuharakisha. Maji yalitoka kwa nguvu ile ile. Wa nane ulipojaa akaufunika, akaokota kokoto mwenyewe, akaiweka kwenye beseni juu ya zile nyingine. Alinipita akaniuliza mama anaendeleaje. Nikasema yuko salama.

Mpapai una matunda matatu, bado mabichi.